Bawaba ya laptopu ikianza kukaza, dai waranti kabla kona haijapasuka

Nina steshenari ndogo Majengo, hapa Moshi. Nachapa barua, natoa kopi, nawajazia vijana maombi ya mkopo wa chuo na ya ajira. Laptopu yangu haitulii: mteja akitaka kuhakiki jina lake namgeuzia kioo, umeme ukikatika nafunga, ukirudi nafungua. Kwa siku moja inafunguliwa na kufungwa hata mara thelathini. Bawaba zake zilichoka mapema, na nimehangaika nazo hadi nikazijua. Naandika kwa sababu kila wiki namwona mtu amekuja na mashine iliyofungwa selotepu kwenye kona. Ameshaambiwa anunue nyingine, na ndani kila kitu ni kizima.

Kwanza ujue kinachovunjika ni nini. Bawaba yenyewe ni chuma, na mara nyingi haina tatizo la kuvunjika. Ina mabawa mawili: moja linapanda nyuma ya kioo, jingine linalala chini ya kibodi. Katikati kuna mhimili mwembamba wenye washa, yaani vipete vyembamba vya chuma, zilizobanwa pamoja, na mbano huo ndio unaokifanya kioo kisimame pale ulipokiacha. Bawa la chini linashikwa na skrubu ndogo zinazoingia kwenye vinati vya shaba, na vinati hivyo vimezamishwa kwenye vishina vya plastiki vya kasha. Basi grisi ikikauka, vumbi likiingia, kutu ikianza, mhimili unakaza. Wewe huoni tofauti, unaongeza nguvu kidogo tu mkononi. Nguvu hiyo yote inakwenda kuishia kwenye plastiki.

Fundi mmoja alinionyesha kinati kilichong'oka, akakiweka kwenye kiganja changu. Kidogo kuliko punje ya mchele, na kilikuwa bado kimevaa pete ya plastiki nyeusi, kama jino lililotoka na kipande cha ufizi. "Bawaba ni nzima mama," akaniambia, "ila haina tena pa kushika."

Kabla ya kufika hapo laptopu huwa inatoa taarifa. Unapoinua mfuniko, sehemu ya kibodi inataka kunyanyuka nayo, na ilipokuwa mpya haikuwa hivyo. Unasikia mlio kama wa kijiti kikavu kwenye kona moja. Unapokisogeza kioo, ukingo wa kasha unafunguka uwazi mwembamba ambao kucha inaingia, halafu unajifunga. Wakati mwingine kioo kinapepesa, au Wi-Fi inashika na kuachia ukikiweka kioo kwa mkao fulani. Nyaya za kioo na za antena zinapita pale pale kwenye bawaba, zikianza kubanwa ndiyo dalili yake.

Jambo moja ulitenganishe mapema: betri iliyovimba nayo inanyanyua kasha, na watu wanadhani ni bawaba. Funga laptopu, iweke juu ya meza iliyonyooka. Ikiwa inabembea, au tachipedi imepanda na haibonyeki vizuri, au tumbo limetuna katikati badala ya kwenye kona, zima, chomoa chaja, usiibonyeze wala usiibane irudi, mpelekee fundi siku hiyo hiyo. Betri ya lithiamu ikitobolewa inawaka moto.

Sasa waranti. Yangu niliinunua mpya Arusha mjini mwezi wa pili, ikiwa na waranti ya mwaka mmoja. Mwezi wa nane kona ya kushoto ikaanza kulia. Nikamwandikia muuzaji WhatsApp: "Kaka, hii laptopu inalia upande wa kushoto nikiifungua, ni kawaida?" Akajibu: "Ni kawaida dada, italainika." Nikaendelea na kazi. Mwezi wa kumi na moja, asubuhi, nainua mfuniko mteja akiwa mbele yangu, nikasikia ka! Kona ya kasha ikaachama, na chuma cha bawaba kikachungulia nje.

Nilipoirudisha dukani muuzaji aliigeuza mara moja tu, akasema, "Dada, hii imeanguka." Kwa neno hilo waranti inakuwa imekwisha, kwa sababu waranti ya mtengenezaji inabeba kasoro za vifaa na za uundaji, haibebi kilichovunjwa na mwenye mali. Na plastiki iliyopasuka, kwa mtu asiyetaka kuangalia sana, yote inafanana. Nilichofanya ni kufungua simu na kumwonyesha ujumbe wake mwenyewe wa mwezi wa nane, na tarehe yake. Kisha nikamwomba atafute alama ya kuanguka. Laptopu iliyoanguka inabaki na jeraha kwa nje: kona imebonyea, rangi imekwaruzika, kioo kimepata ufa. Iliyong'olewa na bawaba inapasuka kutoka ndani kwenda nje, na kingo zake zote ni safi. Alikaa kimya kidogo, akaandika fomu.

Kwa hiyo kama laptopu yako ina waranti na bawaba imeanza kukaza, usisubiri ipasuke ndiyo uende. Nenda ikiwa bado nzima. Siku ile ile ya kwanza kusikia mlio chukua video fupi: mfuniko ukifunguka, mlio ukisikika, kona ikinyanyuka, kisha zungusha kamera kingo zote nne ionekane haina kovu. Mtumie muuzaji kwa maandishi. Ukimpigia simu tu, maneno yanapotea. Akikujibu kuwa ni kawaida, mwombe aandike hivyo hivyo, kisha usiufute ujumbe huo hata ukibadilisha simu.

Risiti nayo ina mambo yake. Dai ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ile kauli ya TRA, mamlaka ya mapato, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, hapa inakulinda wewe mnunuzi kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini karatasi ile inachapwa kwa joto, na maandishi yanafifia. Mimi hapa steshenari nimeletewa risiti zilizobaki nyeupe tupu kwa sababu zilikaa ndani ya gari au kwenye pochi. Itoe kopi siku unayonunua na uipige picha. Tena, risiti nyingi zinaandika "laptop" tu na bei, hazisemi ni ipi. Mwambie muuzaji aandike namba ya seria kwenye ankara au kwenye karatasi ya waranti, agonge muhuri. Namba hiyo iko chini ya kasha kwenye kibandiko. Ipige picha, maana kibandiko kinachubuka.

Kwa namba hiyo ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, sehemu ya waranti, uone tarehe ya mwisho. Usishangae ukikuta siku zako zimeshaliwa. Mara nyingine hesabu inaanzia siku mashine ilipotoka kiwandani au kwa msambazaji, wakati wewe umeinunua miezi baadaye. Ukituma risiti yenye tarehe unaweza kuomba irekebishwe. Utaona pia kama waranti yake ni ya nchi fulani tu. Laptopu iliyoletwa kutoka Dubai au Uingereza inaweza kuwa na waranti hai kabisa, lakini ya kule kule, na hapa ikakataliwa.

Zile zilizotumika, ambazo ndizo nyingi mjini, zina waranti ya dukani tu, yaani ahadi ya muuzaji. Isome kabla ya kutoa hela. Nyingi zinataja kioo, betri na chaja kuwa havimo. Uliza bawaba kwa jina, na jibu liandikwe. Na pale pale kaunta, fungua mfuniko kwa vidole viwili kutoka katikati, taratibu, sikio likiwa karibu na kona. Mashine inayolia dukani usiichukue kwa punguzo la elfu ishirini.

Yangu ilibidi ipelekwe kwa fundi Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 500 kutoka hapa, kwa hiyo ikaenda kama kifurushi cha basi. Kabla ya kuitoa mkononi nilihamishia mafaili yote kwenye diski ya nje, na ufanye hivyo hata ukiambiwa ni bawaba tu. Wakibadilisha ubao mkuu wa ndani au wakiweka programu upya kazi zako zinaweza kupotea. Nikatoka kwenye akaunti za barua pepe na benki, nikaunda akaunti ya mgeni isiyo na nywila ili fundi awashe bila kuingia kwenye mambo yangu. Nikaipiga picha pande zote, nikaitia kwenye blanketi la mtoto ndani ya boksi gumu, na ndani nikaweka orodha: laptopu moja, chaja hakuna, mkoba hakuna.

Kitu nilichong'ang'ania zaidi ni maneno ya fomu ya kupokelea. Muuzaji aliandika "kasha limepasuka". Nilimwomba kwa upole akate, aandike "bawaba ya kushoto imekaza na kung'oa vinati vyake, mashine haina alama ya kuanguka". Fundi wa Dar hatakuona wewe wala hatasikia maelezo yako. Anaona karatasi ile tu, na kasha lililopasuka linasomeka kama kosa lako.

Ilirudi baada ya siku 23. Yako ikirudi, usisaini kwanza. Fungua na kufunga mara kumi pale pale. Uliza wamebadilisha nini, kwa sababu kubadilisha bawaba peke yake wakati vishina vimekatika hakuna maana. Lazima na kasha lililovishika libadilishwe. Na kwa kuwa kwenye mashine nyingi kasha hilo linakuja pamoja na kibodi, bonyeza kila herufi, jaribu kamera, spika na Wi-Fi. Yangu herufi ya "m" ilikuwa haishiki, na kwa mtu anayechapa Kiswahili siku nzima hilo si dogo. Ikarekebishwa bila malipo kwa sababu nilisema hapo hapo.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iwe na ubora unaofaa kuuzwa, na Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003, inapokea malalamiko ya walaji. Barua ya ukurasa mmoja, tarehe zikiwa zimepangika na picha zimeambatishwa, inatosha kuanzia.

Waranti ikiisha, au kama haikuwepo, bado kuna njia. Mtoto wa kaka yangu anasoma chuo hapa hapa Moshi, laptopu yake ni iliyotumika, na bawaba ya kulia iling'oka akiwa kwenye mitihani. "Shangazi, nimeiwekea supaglu," akaniambia. Supaglu peke yake ni ngumu lakini inakatika upesi, na mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki. Ikidondokea kwenye mhimili ndiyo kabisa, bawaba inagoma.

Tukaipeleka kwa fundi, nikakaa pembeni yake tangu mwanzo hadi mwisho. Alichomoa betri kwanza. Akakwangua gundi ya zamani, akasugua plastiki kwa msasa hadi ikawa na mikwaruzo, akaifuta kwa spiriti. Halafu, kabla ya kugusa gundi, akaigeukia bawaba. Mwisho wa mhimili kuna nati ndogo. Akailegeza robo mzunguko, akajaribu, akaongeza kidogo tena, hadi kioo kikawa kinasimama lakini hakikazi. Hapo ndipo mafundi wengi wanaruka. Ukigandisha kishina na bawaba bado imekaza, baada ya wiki chache inang'oka tena na kipande kikubwa zaidi. Bawaba isiyo na nati, iliyogongwa ribiti, ikikaza inunuliwe nyingine kwa namba ya modeli.

Kwa gundi alitumia epoksi ya mirija miwili, sawa kwa sawa, akaichanganya kwa njiti ya kiberiti juu ya kipande cha kigae. Nyuzi za skrubu alizipaka Vaseline kidogo ili gundi isizishike. Akarudisha kinati mahali pake, akajaza pembeni, akakiacha kikiwa kimebanwa, bila kuunganisha kitu kingine, saa 24. Ilikuwa Julai, kuna baridi, akaongeza nusu siku, kwa sababu epoksi kwenye baridi inachelewa kukomaa. Alinitoza shilingi 30,000. Ukiona fundi anakurudishia baada ya nusu saa, gundi haijashika.

Ukitaka kufungua mwenyewe, watengenezaji wakubwa wameweka bure mtandaoni vitabu vya ufundi vya modeli zao nyingi, vyenye picha za kila skrubu. Ila usifungue ikiwa waranti bado inaishi, utakuwa umewapa sababu ya kukukatalia.

Yangu sasa nimeibandika kipande cha selotepu nyekundu katikati ya ukingo wa juu wa mfuniko. Anayetaka kufungua anashika hapo, si kwenye kona, na sikuhitaji kumweleza mtu: wateja wenyewe wakiiona, vidole vinakwenda pale.