Kabla hamjaupeleka ukoo mzima Matema

Watu wakisema "twende ziwani tukapumzike", mara nyingi wanaopumzika ni wanaume na watoto. Shangazi na mawifi hurudi wamechoka kuliko walivyoondoka. Kwa hiyo kabla ya kuulizia nyumba Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wala kupigia hesabu mafuta ya gari, kubalianeni nani atapika. Ama mchangie pesa ya kumlipa mpishi wa hapohapo, ama mpange zamu na kuziandika kwenye grupu la WhatsApp, majina ya wajomba yakiwemo. Zamu isiyoandikwa humwangukia yuleyule wa siku zote.

Mchele msihangaike kuubeba, maana Matema iko Kyela, kwenye mchele wenyewe. Ndizi mtazikuta njiani Tukuyu, na samaki mtanunua asubuhi mitumbwi ikirudi: perege, usipa, na mkibahatika, mbasa. Bebeni mafuta ya kupikia, viungo, na sufuria moja kubwa, kwa sababu za kwenye nyumba za kupanga zinatosha watu sita, nanyi mko kumi na saba.

Kuhusu vyumba, ulizeni idadi ya vyoo kabla ya idadi ya vitanda. Bibi apewe chumba kisicho na ngazi, karibu na choo. Kama ukoo wenu ni wa Kinyakyusa na wazee bado wanashika mwiko wa mkwe, baba mkwe na mke wa mwanawe wasipangwe kwenye korido moja. Kwa desturi hawatakiwi hata kukutana uso kwa uso. Vijana wa mjini watacheka, lakini mama mdogo akikaa siku tatu akijibanza nyuma ya mlango, hayo si mapumziko. Nyumba mbili ndogo zinazopakana zinafaa kuliko moja kubwa.

Msiende Machi hadi Mei. Kyela ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania, na masika huko hayana mzaha. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni kukavu. Ila upepo wa kusi ukivuma, ziwa huchafuka na kupiga mawimbi kama bahari, kwa hiyo safari ya mtumbwi muifanye asubuhi, kila mtu na jaketi okozi lake, hata anayejisifu kuogelea. Mkiona wavuvi hawajatoka, nanyi msitoke.

Kwenye maji ndipo pa kuwa makini zaidi. Ziwa Nyasa lina kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wanaopenda maji yaliyotulia yenye majani na matete, kisha hupenya ngozi ya mtu aliye majini. Watoto waogelee penye mchanga mtupu na mawimbi, wakae mbali na matete. Midomo ya mito muiepuke kabisa, maana huko kuna hofu ya mamba pia. Kujifuta taulo haraka kunasaidia kidogo tu. Wengi hukosea kwenye dawa: praziquantel, dawa ya kichocho, haiui vimelea vichanga, hivyo kuimeza siku ya kurudi nyumbani haitoshi. Nendeni kupima baada ya wiki sita hadi kumi na mbili, hata kama hakuna anayejisikia vibaya. Wekeni tarehe kwenye simu sasa hivi, la sivyo mtasahau.

Mnaotoka Mbeya, baridi ya kwenu isiwadanganye: Matema iko chini, ni joto, na mbu wapo. Kila kitanda kiwe na chandarua. Dawa za bibi za presha zibebwe za siku tatu zaidi ya safari, na zikae kwenye mkoba wake mwenyewe, si kwenye buti chini ya mabegi. Matema kuna hospitali ya kanisa la Kilutheri (KKKT), ila kadi za bima zisisahaulike.

Mchango wa kila kaya ukusanywe kabla ya kuondoka, na mtunza pesa awe mmoja. Noti ndogondogo zinahitajika, kwa wavuvi na hasa kwa wanawake wa Kikisi wanaouza vyungu Jumamosi pale sokoni Lyulilo, jirani na Matema. Mama zenu watanunua, hata wakiapa kwamba safari hii hawanunui. Acheni nafasi kwenye gari, na nguo kuukuu za kuvizungushia.