Namna ya Kuchagua Gari la Bei Nafuu kwa Anayejifunza Udereva Unguja na Pemba

Anayejifunza udereva hahitaji gari la kupendeza. Anahitaji gari linalosimama linapokanyagwa breki, linalowaka kila asubuhi, na ambalo likikwaruzwa ukutani katika vichochoro vya Ng'ambo mwenyewe hatakosa usingizi. Gari la namna hiyo linapatikana visiwani kwetu, kwa sababu magari yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani ni mengi, na wanaoyauza tena baada ya kuyatumia hapa ni wengi pia. Kulipata, hata hivyo, kunamtaka mnunuzi aanze kulitazama gari chini, kwenye chesisi na sakafu, kabla hajavutiwa na rangi, redio na viti. Kinachoua magari Unguja na Pemba ni kutu zaidi kuliko wingi wa kilomita. Hewa yetu ina chumvi mwaka mzima, masika hutuamisha maji mabondeni, na hakuna kijiji kilicho mbali sana na pwani. Injini iliyochoka hufunguliwa ikatengenezwa, au ikatolewa ikawekwa nyingine. Sakafu iliyooza haina dawa ya kudumu, na kuichomea bati ni kuahirisha hasara tu.

Aina ya gari

Ushauri wangu ni gari dogo la Toyota ambalo injini yake haizidi cc 1,500: Vitz, IST, Passo, Probox au hata Starlet ya zamani iliyotunzwa. Siyasifu kwa ajili ya jina. Spea zake zinapatikana kwa wepesi mjini, mafundi wa chini ya mwembe wanayajua, na siku utakapotaka kuliuza hutamtafuta mnunuzi kwa tochi. Honda Fit ni gari zuri na lina nafasi kubwa ndani, lakini mengi yana giaboksi ya mkanda, ile inayoitwa CVT, ambayo haivumilii kutiwa oili yoyote iliyopo dukani; kama fundi wako hana uzoefu nayo, liache. Escudo na RAV4 za zamani zinapendwa sana hapa, nami naelewa kwa nini, lakini ni nzito, zinakula mafuta zaidi, na tairi la akiba lililofungwa kwenye mlango wa nyuma humzibia mwanafunzi anachotakiwa kukiona anaporudi nyuma.

Vitz za mwanzo, zilizotoka mwaka 1999, na IST za kuanzia 2002 zina saa ya mwendo katikati ya dashibodi badala ya mbele ya dereva. Wengine hawaipendi, lakini kwa mwanafunzi naiona ni faida, kwa sababu anayemfundisha, aliyekaa kushoto, anausoma mwendo bila ya kujipinda. Magari haya madogo niliyoyataja, ukiiacha Starlet, yana mnyororo wa taimingi, ule unaofungua na kufunga vali za injini kwa wakati wake, na unadumu muda mrefu iwapo oili inabadilishwa kwa wakati. Starlet, badala ya mnyororo huo, ina mkanda unaopaswa kubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Muuzaji asipoweza kuonesha ulibadilishwa lini, hesabu kuwa haujabadilishwa na upunguze bei kwa kiasi hicho, maana ukikatika gari huzima hapo hapo lilipo.

Suala la gia liamue pamoja na mwalimu wako kabla hujaanza kuzunguka kwenye yadi. Ukifanya mazoezi kwa otomatiki peke yake, kisha ukapewa gari la gia za mkono siku ya mtihani, miguu itakuangusha. Takriban IST zote ni otomatiki, kwa hiyo anayetaka gia za mkono atafute Probox, Vitz au Starlet, na awe tayari kusubiri wiki kadhaa hadi lipatikane lililo zima. Aliyekwisha kujifunza gia za mkono chuoni na anayetaka gari la kuzoea barabara tu, otomatiki inamtosha.

Gari limetoka wapi

Kabla ya kuuliza bei, uliza lilikuwa likifanya kazi gani na lilikuwa likilala wapi. Gari lililokodishwa kwa watalii limepita mikononi mwa watu wengi, baadhi yao waliozoea kuendesha upande wa kulia wa barabara, na limepigwa sana katika njia za mawe zinazoteremka fukweni. Gari lililokaa Nungwi, Paje au Jambiani limevuta chumvi usiku na mchana. Gari la teksi limefanya kazi ya magari matatu. Lililo bora kwa mwanafunzi ni la mtu mmoja aliyekuwa akienda nalo kazini mjini na kurudi nyumbani, hata kama ni kuukuu kwa mwaka na limefubaa rangi.

Muuzaji hatakueleza yote, lakini gari hueleza. Mpira wa pedali ya breki uliolika hadi chuma, ukingo wa kiti cha dereva uliobonyea, alama za gundi mlangoni palipokuwa na maandishi ya kampuni, na mchanga mweupe chini ya zulia havilingani na maneno ya "lilikuwa la bibi mmoja, halitoki ila Ijumaa". Namba ya kilomita kwenye dashibodi usiitegemee peke yake, kwa kuwa kilomita hurudishwa nyuma. Omba cheti cha Japani kilichokuja na gari lilipoingizwa nchini, ambacho kwa kawaida huwa na kilomita zilizoandikwa huko, kisha ulinganishe.

Kulitazama chini

Nenda mchana, gari likiwa kavu, ukiwa na tochi, bisibisi na mkeka chakavu wa kulalia. Anza na boriti za pembeni zilizo chini ya milango: fungua mlango, bandua kidogo mpira wa ukingoni na utazame bati lililojificha nyuma yake. Gonga boriti taratibu kwa mpini wa bisibisi kutoka mbele hadi nyuma. Bati zima linajibu kwa sauti moja. Palipooza sauti hubadilika na kuwa butu, na pengine vumbi jekundu humwagika chini. Kisha fungua buti, toa tairi la akiba, utazame shimo linamokaa, kwani maji hujikusanya humo bila ya mwenye gari kujua. Fungua boneti uangalie sehemu mbili zilizobeba shokamzoba za mbele. Bati la hapo likiwa limevimba au limechomewa, aga kwa adabu uondoke, hata kama bei ni ya kutupa.

Ukiwa umelala juu ya mkeka, fuata kwa tochi mabomba membamba ya breki yanayopita chini ya sakafu kuelekea magurudumu ya nyuma. Wanunuzi wengi hawayatazami kabisa, na mimi nayahofia kuliko kitu kingine chochote. Bomba lililoliwa na kutu linaweza kuvumilia breki za kila siku, kisha likapasuka siku mtoto anapokatiza ghafla na mguu ukakanyaga kwa nguvu zote, na mwanafunzi ndiye anayekanyaga kwa nguvu zote mara nyingi kuliko dereva mzoefu. Rangi nyeusi ya lami iliyopakwa karibuni chini ya gari nayo itilie shaka: huenda ni kinga ya dhati, huenda imefunika uozo. Ikwangue mahali padogo, kwa ruhusa ya mwenyewe, uone kilicho chini yake.

Gari lililozama majini ni hatari ya aina yake, kwa vile waya zake huendelea kuharibika miezi mingi baada ya kukauka. Sehemu za bondeni, kama vile Mwanakwerekwe, zimejulikana miaka mingi kwa maji yanayotuama wakati wa mvua. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake; kama gari lilizama, mara nyingi kwenye mkanda utaona mstari wa matope pale maji yalipofikia. Angalia pia kutu kwenye reli za viti, unyevu ndani ya taa, na harufu ya uvundo inayofichwa kwa manukato mengi.

Injini, na gari likiwa barabarani

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, rudi siku nyingine, kwa sababu matatizo mengi hujificha injini ikishapata joto. Toa kijiti cha oili. Oili nyeusi si kosa kubwa, lakini oili yenye rangi ya chai ya maziwa, iwe kwenye kijiti au chini ya kifuniko chake, ni dalili kwamba maji yameingia, na gari hilo si lako. Geuza ufunguo bila ya kuwasha injini: taa ya injini, ya oili na ya mifuko ya hewa (airbag) zote ziwake, kisha zizime baada ya injini kuwaka. Taa isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa ili isiseme ukweli. Moshi wa rangi ya bluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata joto huashiria maji yanayoingia kwenye silinda.

Liache lingurume kwa dakika 20 likiwa limesimama na kiyoyozi kimewashwa, jambo ambalo ni mtihani mkali katika joto letu la Januari na Februari, na hakikisha feni ya rejeta inazunguka. Baadhi ya magari madogo hayana mshale wa joto bali yana taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikipata joto kupita kiasi, na mwanafunzi lazima afundishwe taa hizo tangu siku ya kwanza.

Barabarani mpe usukani mtu mzoefu unayemwamini, nawe ukae pembeni. Kwa otomatiki, simamisha gari, shika breki, kisha hamisha gia kutoka N (huru) kwenda D (mbele) na kwenda R (nyuma). Gari lishike upesi bila ya kushtuka kwa kishindo. Kwa gia za mkono, vuta breki ya mkono, ingiza gia ya tatu, na uachie klachi taratibu: injini inatakiwa izime, na ikiendelea kunguruma klachi imekwisha. Unguja ni tambarare kwa sehemu kubwa, kwa hiyo breki ya mkono ijaribiwe makusudi kwenye mwinuko kama wa Masingini. Aliyeko Pemba hana shida hiyo, vilima anavyo kila upande, na yeye ndiye anayehitaji zaidi breki ya mkono isiyo na mchezo.

Tairi zina namba nne ubavuni zinazoonesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno marefu lakini la miaka kumi si tairi la kumpa mwanafunzi. Kuhusu mifuko ya hewa, mamilioni ya magari duniani, ya Toyota na Honda yakiwemo, yaliitwa yarejeshwe kwa sababu ya mifuko iliyotengenezwa na Takata, ambayo kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa muda mrefu, na ikifyatuka inaweza kurusha vipande vya chuma. Hali hiyo ya hewa ndiyo yetu sisi. Andika namba ya chesisi, uiingize katika ukurasa wa mtengenezaji huko Japani, na ujue kama gari hilo limo kwenye orodha na kama lilirekebishwa.

Karatasi na fedha

Namba ya chesisi na ya injini zilingane na kadi ya usajili, na jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayeuza. Nakala ya kadi isikubaliwe kwa udhuru wowote, kwani kadi halisi huenda imewekwa dhamana mahali fulani. Hati ya mauziano iandikwe mbele ya wakili, na ikiwezekana sheha wa muuzaji awe shahidi, kwa kuwa sheha anajua anakoishi. Uhamisho wa umiliki ufanywe mara moja, usimwachie dalali akusaidie "wiki ijayo". Bima ya wahusika wengine, inayowalipa watu uliowadhuru kwa gari lako, ni lazima kisheria. Unapoikata, uliza na ujibiwe kwa maandishi kama inamlinda mwanafunzi anayeendesha akiwa na mwalimu.

Usitumie fedha zote kununulia. Sehemu moja ya tano ya ulichonacho ibaki kwa matengenezo ya mwezi wa kwanza, hata kama maana yake ni kuchukua gari la chini kidogo ya ulilolitamani. Anayeishi Pemba akinunulia Unguja amlipe fundi alikague kabla ya kulivusha, na achague aina iliyozoeleka zaidi, kwani spea adimu italazimika kuagizwa mjini Unguja au Kariakoo, Dar es Salaam, na gari litakaa likisubiri meli.

Likishakuwa lako, badilisha oili ya injini, chujio zake, mafuta ya breki na maji ya rejeta kabla mwanafunzi hajaligusa. Rejeta itiwe dawa yake maalumu, si maji ya kisima, ambayo kwetu yana chokaa na pengine chumvi, na hutengeneza magamba ndani ya njia nyembamba. Bandika alama ya L mbele na nyuma. Na kila linaporudi kutoka pwani, au limepita kwenye maji, lioshwe chini kwa maji yasiyo na chumvi, kwa mpira wenye nguvu, hasa ndani ya matao ya magurudumu na pembeni mwa yale mabomba ya breki.