Kuvuka kijito na baiskeli milimani Kabare

Ndugu mnaopanda na baiskeli kutoka Bukavu kuelekea Kabare, huku mashariki mwa Kongo, mvua za Septemba hadi Mei zinajaza vijito haraka. Maji yakipita magoti, rudi. Yakiwa chini ya hapo, shuka, vuka kwa miguu na uiweke baiskeli upande maji yanakokwenda. Ukiiweka upande yanakotoka, mkondo utaisukuma ikukate miguu.

Ukifika ng'ambo usiteremke mara moja. Zungusha magurudumu huku unabana breki polepole hadi uzisikie zinashika. Breki za mpira zikilowa hushika kwa kuchelewa, na miteremko ya kwetu haisubiri mtu.

Halafu kuna ule udongo mwekundu. Unajibana kati ya tairi na uma (vyuma viwili vinavyoshika gurudumu la mbele) mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Beba kijiti kigumu cha kuukwangua, maana kidole hakitoshi (na kucha utazijutia). Tope likikauka huwa na chembe za mchanga zinazokula rimu (ukingo wa gurudumu unaobanwa na breki) na mipira ya breki, kwa hiyo osha jioni ileile, kausha mnyororo kwa kitambaa, kisha tia mafuta kidogo tu.

Njia za msituni, uliza wenyeji kwanza kama zinapitika siku hiyo.