Pumzi ya kukimbia inajengwa ndani ya msuli, anza hivi

Ndugu zangu mnaoanza kukimbia, nawaona sana alfajiri hapa Mwanza njia ya Kirumba, mnatoka na spidi kali af mkifika Pasiansi mmeshika kiuno, kesho hamuonekani. Inaniuma kwa kweli, maana mwili hamjaupa hata nafasi.

Iko hivi. Ndani ya seli za msuli kuna mitokondria, ndo zinachukua oksijeni na kuunguza mafuta na sukari kupata nguvu. Ukikimbia mdogomdogo kwa muda mrefu nguvu za seli zinapungua, seli inashtuka, inaziamsha jeni zake zitengeneze mitokondria zaidi. Mwaka 1967 mtafiti John Holloszy kule Marekani aliwakimbiza panya kwenye mashine kwa wiki kadhaa, alipopima misuli yao akakuta uwezo wa mitokondria kutumia oksijeni umepanda kama mara mbili, yaani msuli wenyewe ulikuwa umebadilika, sio moyo na mapafu peke yake.

Kwahiyo mwezi wa kwanza kimbia siku 4 kwa wiki, dakika 30, mwendo ambao unaweza kupiga stori na mwenzio bila kukata maneno, ukishindwa kuongea punguza, hata ukitembea kidogo sio aibu. Hapo vimishipa vidogo vya damu navyo vinaanza kuota kuzunguka nyuzi za msuli na msuli unazoea kutumia mafuta, ile sukari yake ya akiba haiishi haraka. Mwezi wa pili ongeza siku moja ndefu, mi napenda Jumapili, taratibu mpaka ufike saa nzima. Kilima cha Capri Point weka mara moja tu kwa wiki, panda kwa nguvu dakika 2 shuka unatembea, mara 5 inatosha.

Kula pia jamani! Ugali, viazi vitamu, michembe (vile viazi vitamu vya kukaushwa), hivyo ndo vinarudisha akiba ya sukari kwenye msuli, na dagaa au sato kwa ajili ya protini.

Usiache wiki 3 mfululizo, mitokondria zinapungua haraka kuliko zilivyojengwa. Ila ukiumwa malaria pumzika kabisa, maliza dozi, subiri nguvu zirudi, af anza upya na dakika 15.