Kufunga bomba la gesi la boila: kutovuja pekee hakutoshi

Ukipaka sabuni kwenye viungo na povu lisitokee, hapo umepata jibu la swali moja tu. Boila nyingi zinazozimika ovyo hazina uvujaji hata kidogo. Bomba ni jembamba, au uchafu umefika kwenye valvu ya gesi. Kwa hiyo kazi huanza na hesabu, spana baadaye. Na popote sheria inapotaka fundi mwenye leseni, kazi hii ni yake.

Soma kwenye kibao cha boila ni kilowati ngapi inakula, si inazotoa. Mita moja ya ujazo ya gesi asilia ina takriban kilowati-saa 10.5, hivyo boila inayokula kilowati 24 inahitaji kama mita za ujazo 2.3 kwa saa. Jumlisha na vifaa vingine vyote vinavyotumia bomba hilohilo, kisha pima njia kutoka mita ya gesi hadi boila. Kila elbo (kiungo cha kona) kwenye bomba dogo ihesabu kama nusu mita ya ziada. Chukua mita 10 za bomba na elbo nne: hiyo ni mita 12. Katika mfumo wa milibaa 20 (milibaa ni kipimo cha presha), ambako presha hairuhusiwi kupotea zaidi ya milibaa 1 njiani, bomba la shaba la milimita 15 haliwezi kubeba mzigo huo, lakini la milimita 22 linaubeba bila shida. Gesi ya mtungi ina jedwali lake, usichanganye.

Ukikata bomba la chuma, kisu huacha ukingo mkali kwa ndani. Uondoe kabla ya kuchonga uzi (meno ya kufungia), kisha simamisha bomba, ligonge, lipulize hewa. Utaona vinyuzi vya chuma vikidondoka pamoja na mafuta ya kukatia, na hivyo ndivyo vinavyoziba nozeli, yaani tundu dogo la kutokea gesi, baadaye. Thredi tepu, utepe wa kuziba uzi, iwe ile nzito ya gesi. Izungushe kufuata mkazo wa uzi, ukiacha jino la kwanza wazi ili vipande vyake visiingie ndani. Elbo ikipitiliza kidogo mahali ulipoitaka, usiirudishe nyuma, kwa sababu ukishairudisha umelegeza kiungo. Ifungue yote, safisha, weka tepu mpya, kaza upya.

Karibu na boila, mpangilio ni koki, yunioni (kiungo kinachofunguka bila kuzungusha bomba), kisha ti, kiungo chenye umbo la T, ya kunasa uchafu. Gesi ishuke wima ndani ya ti na itokee ubavuni kwenda kwenye boila. Chini ya ti weka nipo (kipande kifupi cha bomba chenye uzi) isiyopungua milimita 75 yenye kofia. Gesi inapokata kona, chembe nzito huendelea kushuka na kubaki kwenye nipo. Ukiilaza ti gesi ikapita juu yake moja kwa moja, uchafu huruka shimo na kuendelea na safari. Yunioni isifichwe ndani ya ukuta. Mpira wa kuunganishia usipenye ukuta wala bati la boila, na wa zamani usirudishwe kazini.

Kabla ya kupima, tenganisha boila na regulata (kidhibiti presha) kutoka kwenye bomba, maana valvu zake hazikutengenezwa kwa presha ya majaribio. Jaza hewa au naitrojeni, kamwe si oksijeni. Kiwango na muda fuata kanuni za kwako; kilopaskali 20 kwa dakika 10 ni kipimo cha kawaida kwa nyumba. Ila subiri kwanza hewa itulie: joto likishuka nyuzi 1 tu, geji hushuka kama kilopaskali 0.4 bila tone kuvuja. Watu wamefumua viungo vizima kwa sababu hii. Sabuni ikishamaliza kazi, ioshe. Yenye amonia hupasua shaba nyeupe.

Baada ya kufungulia gesi, toa hewa iliyomo kuelekea nje, mbali na cheche. Washa vifaa vyote kwa pamoja, kisha pima presha kwenye mita na kwenye boila. Tofauti ikizidi milibaa 1, bomba ni dogo au limezibwa, hata kama boila inawaka vizuri ikiwa peke yake.

Kila mwaka funga koki, fungua kofia ya ti, angalia kilichoshuka. Mchanga na kutu vikirudi kila mwaka, tafuta bomba linaloliwa. Kama boila yako huwaka kwa mwali wa bluu, ukigeuka njano izime na uite fundi, kwa kuwa gesi haiungui sawasawa na monoksidi ya kaboni haina harufu. Ukinusa gesi, usiguse swichi yoyote: funga koki kuu, fungua madirisha, toka nje. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hujikusanya sakafuni na kwenye mashimo, hivyo dirisha la juu peke yake halitaitoa.