Umekwama na mzuka wa kufanya kitu huna? Anza hivi

Ukimaliza chuo ukarudi home, miezi ya mwanzo unaona poa tu, unaamka, unacheki Ajira Portal, unatuma maombi, unasubiri. Mwaka unakatika hivi hivi. Uliosoma nao mmoja kaoa, mwingine kila siku anapost ofisi, na we mama mdogo akikuuliza "vipi mwanangu, bado?" unatamani uyeyuke. Hapo ndo mtu anaanza kusema motisha sina, nikiipata ntaanza.

Haiji hivyo. Mzuka huwa unakuja ukishaanza, na hapa sikuletei habari za wale jamaa wa "amka saa kumi alfajiri uwe milionea". Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1996, Neil Jacobson na wenzake walichukua watu wenye sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu ya chochote, baadhi wakapewa tiba kamili ya kubadili namna wanavyowaza, wengine wakasaidiwa tu kurudi kufanya shughuli, na hawa wa shughuli wakapata nafuu sawasawa na wale wenzao.

Sasa cha kufanya. Chukua daftari na peni, simu weka mbali maana ukiishika tu utaishia Instagram unaangalia maisha ya watu. Andika kila kinachokukwamisha, chote, hata vile vya aibu kama deni la duka la mtaani au ugomvi na kaka ako. Alafu chagua kimoja. Hapa usipaharakishe, wengi ndo wanapopotezea, wanachagua kile kikubwa kuliko vyote, "sina kazi", na hicho hakishikiki, utakianzia wapi? Kivunje vunje mpaka ukute kipande unachoweza kukigusa wiki hii. Labda jina la kwenye cheti cha fomu foo halifanani na la kitambulisho cha NIDA ndo mana kila ukiomba unaishia njiani. Hicho kinashikika, unaenda kumuuliza mwanasheria kiapo cha majina ni shilingi ngapi. Na uchague hatua ambayo nauli yake unayo, sio ile ya "nikipata mtaji".

Hii ya kuorodhesha na kuchagua kimoja inafanya kazi Zimbabwe kitambo. 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa kule Mbare, Harare, wakae na watu kwenye benchi nje ya kliniki. Bibi hakupi hotuba, anakusikiliza, mnataja matatizo yako, unachagua moja mwenyewe, mnapanga kitu kidogo cha kwenda kufanya, ukirudi anakuuliza imekuaje. Walipokuja kulipima, matokeo yakatoka 2016, waliokaa na bibi walikua na dalili chache za msongo na sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo na we tafuta mtu wako wa kukuuliza "imekuaje", mmoja tu inatosha, ila asiwe yule ambae kila wazo lako analicheka.

Ukishachagua usiseme "ntaenda wiki hii", hiyo haipo. Sema jumanne nikimaliza kunywa chai natoka moja kwa moja naenda steshenari kuprinti sivii. Mwanasaikolojia mmoja Mjerumani anaitwa Peter Gollwitzer kaandika sana kuhusu hili, ukifunga jambo na muda au tukio maalum unalifanya kirahisi zaidi kuliko ukibaki na nia tu.

Kuna milango pia watu wanaipita. Kama umejifunzia ufundi gereji au saiti bila kukaa darasani, VETA, wale wa vyuo vya ufundi vya serikali, wana utaratibu wa kukupima na kukupa cheti cha huo ujuzi, ulizia chuo cha karibu. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, kwenye hiyo 10 fungu la vijana ni 4, inaenda kwa vikundi, afisa maendeleo ya jamii wa kata ndo wa kuanza nae. Mzunguko wake una makaratasi mengi na unachosha, sikufichi, ila kumuuliza ni bure.

Siku ukishindwa kutoka, usijitukane, punguza hatua. Kama kwenda ilikua nzito basi piga simu.

Ila kama wiki mbili zimepita kila siku huna hamu ya chochote, usingizi hamna au unalala kutwa, chakula hakipiti, hapo acha kujiita mvivu, nenda kituo cha afya uwaeleze hivyo hivyo, na kama mawazo ya kujidhuru yanakuja usiende peke yako wala usingoje kesho. Muhimbili wapo madaktari wa akili, Mirembe Dodoma wapo, na kwenye hospitali nyingi za mkoa utapata wa kuanza nae.