Kabla Hujaingiza Tepu: Mambo ya Kuzingatia Unaporejesha Mafaili

Kazi ya kurejesha mafaili ikikwama, wa kwanza kulaumiwa ni tepu, yaani utepe wa sumaku unaotunza nakala rudufu. Mara nyingi inasingiziwa. Data ipo palepale ilipoandikwa; kinachokosekana ni draivu ya kuisoma, ufunguo wa kuifungua au orodha ya kilichomo. Hivyo vyote vikaguliwe mapema, siyo bosi akiwa amekusimamia mgongoni.

Anza na kizazi cha tepu. Draivu za LTO (aina ya tepu za nakala rudufu ambayo vizazi vyake huhesabiwa kwa namba) hadi LTO-7 zilisoma vizazi viwili vya nyuma. LTO-8, iliyotoka 2017, ikakatisha utaratibu huo: inasoma LTO-7, lakini LTO-6 haiigusi. LTO-9 nayo kwa nyuma inaishia LTO-8. Ndiyo maana unaweza kukuta kabati zima la tepu zisizo na kasoro yoyote, na hakuna mashine ya kuzisoma kwa sababu draivu ya zamani iliuzwa siku mpya ilipofika. Draivu hiyo isitoke mpaka data yote ihamishwe, na iwashwe mara kwa mara ili ijulikane kama bado inafanya kazi.

Ufunguo wa usimbaji ni habari fupi na chungu. Tangu LTO-4, draivu zinaweza kusimba data, yaani kuifunga isisomeke, kwa mbinu ya AES ya biti 256, na bila ufunguo hakuna fundi wa kukuokoa. Hakikisha nakala ya ufunguo haiko ndani ya tepu iliyofungwa kwa ufunguo huohuo. Usicheke, hutokea.

Katalogi ya programu ya nakala rudufu, yaani ile orodha ya kilichomo, ikipotea, kwa kawaida inaweza kujengwa upya kwa kusoma tepu yote. LTO-8 iliyojaa ina terabaiti 12. Kwa kasi ya megabaiti 360 kwa sekunde, hizo ni zaidi ya saa tisa kwa tepu moja tu, kabla hujarejesha hata faili moja. Hifadhi katalogi mahali pengine. Pia orodhesha tepu zote za mnyororo: nakala kamili pamoja na za nyongeza zilizofuata.

Kabla tepu haijaingia, sogeza kitufe chake kwenye alama ya kufuli ili isiandikwe. Tepu ambayo muda wake wa kutunzwa umekwisha, programu inaweza kuihesabu kuwa tupu, na kazi ya usiku ikaandika juu ya kile unachokitafuta. Kama kasha liliwahi kudondoka, fungua kile kimlango kidogo uone pini ya mwanzo wa utepe imekaa sawa. Ikiwa imepinda au imechomoka, usiilazimishe. Iliyotoka kwenye baridi iache kwanza izoee hewa ya chumba.

Kwenye Linux, kosa linalopotosha watu ni tar, programu ya kufungasha na kufungua mafaili, kulalamika kwamba kumbukumbu haitoshi. Watu hukimbilia kuongeza RAM, wakati shida ni ukubwa wa bloku, yaani kipande cha data kinachoandikwa kwa mkupuo mmoja: tepu iliandikwa kwa bloku kubwa kuliko ambazo tar inajaribu kusoma. Toa amri ya mt -f /dev/nst0 setblk 0, rudisha tepu mwanzo, kisha soma bloku moja kwa dd if=/dev/nst0 of=jaribio bs=1M count=1. Ukubwa wa faili la jaribio ndio ukubwa wa bloku. Ugawe kwa 512 upate namba ya kuipa tar kwenye -b. 262144, kwa mfano, inakupa 512. Angalia pia umeandika nst0 na siyo st0, kwa kuwa st0 hurudisha tepu mwanzo kila amri inapomalizika, nawe utabaki kusoma faili la kwanza tu.

Mwisho, andaa folda tofauti yenye nafasi ya kutosha. Usirejeshe juu ya mafaili yaliyopo: linganisha kwanza ukubwa, tarehe na ruhusa, ndipo uhamishe.